Majogoo Saba wa Matanga

Kwetu Kiplombe, karibu na Eldoret, asubuhi ilianza kabla ya jua. Jogoo mmoja aliwika, mwingine akamjibu, na mama alipokuwa akiwasha moto wote saba walikuwa wakishindana. Mama alifungua mlango wa banda, akawatupia kuku mahindi yaliyopondwa, kisha akainama kutafuta mayai. Mwanzoni alikuwa akirudi jikoni na mayai kwenye pindo la leso. Lakini mvua za mwaka wa 1968 zilipoanza, alirudi mikono mitupu.

Tulikuwa wageni pale. Baba yetu, Gerishon, alikuwa amenunua sehemu ya shamba la mzungu pamoja na wenzake wa ushirika. Tulitoka Nyeri kwa lori. Nyanya, mama yake baba, alikaa mbele karibu na dereva. Magotini alibeba kikapu kikubwa chenye kuku wake kumi wa kutaga, wote wa rangi ya udongo mwekundu. Dereva alimwambia kikapu kinaweza kwenda nyuma pamoja na vitanda.

"Wewe weka mama yako nyuma," nyanya akamjibu. Dereva akacheka mpaka Nakuru.

Nyanya hakumaliza msimu mmoja. Baridi ya huku ilimwingia kifuani. Tulimzika kando ya miti ya miwati. Lilikuwa kaburi la kwanza la jamii yetu katika udongo ule.

Majirani hatukuwajua bado, lakini walikuja. Mzee Kimeli, mwenyeji wa pale, alileta jogoo mweupe. Musimbi, mama Mluhya aliyeishi ng'ambo ya kijito, alileta jogoo mkubwa mwekundu. Phineas, mwalimu wa kanisa, alileta wa kijivu. Wengine nao walileta wao. Baba aliwapokea majogoo wote kwa mikono miwili. Watu walipoondoka, mama alitafuta kisu.

"Rudisha kisu," baba akasema. "Watu hawa hawakunijua, na wamemlilia mama yangu. Zawadi ya matanga haichinjwi wala haiuzwi."

"Wote saba?" mama akauliza.

"Wote saba, Nduta."

Mama akarudisha kisu. Sisi watoto tukawapa majogoo majina ya watu waliowaleta.

Baada ya muda kuku wa nyanya walianza kubadilika. Manyoya ya mgongoni yalinyonyoka. Ngozi ilibaki wazi, nyekundu, yenye mikwaruzo. Mama alidhani ni ugonjwa, akawapaka majivu. Baba alidhani ni viroboto, akanyunyiza dawa bandani. Haikusaidia. Kuku walishinda juu ya ghala na hawakushuka hata kula. Siku moja tulimkuta mmoja amekufa nyuma ya tangi la maji, ubavu umepasuka. Baadaye akafa mwingine.

Baba aliwazika wote wawili. Tulijua anachofikiri. Mama yake alikuwa amemwachia mbegu moja tu ya kuku, na ilikuwa inaishia mikononi mwake.

Musimbi alikuja kuazima ungo. Alisimama uani akatazama. Jogoo wake mwekundu alimkimbiza kuku mmoja, akamshika kisogo kwa mdomo, akampanda. Kabla kuku hajainuka, jogoo mweupe naye alikuwa juu yake. Wa tatu alingoja karibu.

"Mama Nyakio," Musimbi akasema, akimwita mama kwa jina langu, "una majogoo wangapi?"

"Saba."

"Na kuku wa kutaga?"

"Wanane waliobaki. Wawili wamekufa, mmoja ubavu umepasuka."

Musimbi aliweka ungo chini. "Huu si ugonjwa, dada. Jogoo mmoja anatosha kuku wanane, hata kumi. Hapa kila kuku karibu ana mume wake, na waume wenyewe wanagombana. Jogoo akimpanda kuku anashikilia mgongo kwa kucha. Mmoja hadhuru sana. Hawa saba wanamchuna. Huo mwiba wa mguuni ndio uliopasua yule aliyekufa."

Baba alikuwa akichonga mpini karibu. Aliacha kuchonga.

"Na kutaga?" mama akauliza.

"Atatagaje? Anakimbia mchana kutwa. Hali, halali. Na mahindi yako wanakula hao wakubwa kwanza."

"Basi nitawajengea banda lao," baba akasema. "Kuwachinja siwezi. Ni pole za watu."

Musimbi akasema polepole, "Mzee Gerishon, nikuambie kitu usikasirike?"

"Sema, mama."

"Mimi nilileta jogoo ili mle, mpate nguvu, maana mwenye msiba hapiki. Kwetu jogoo wa pole huliwa. Kila nikipita hapa namwona ananenepa. Nikasema, labda watu hawa hawali chakula cha Mluhya. Labda wamekataa pole yangu."

Baba alimtazama. "Nilikuwa naiheshimu," akasema.

"Sasa najua. Lakini heshima hii inamaliza kuku wa marehemu."

Baba aliuweka mpini chini. Akauliza, "Nani atabaki?"

"Usichague kwa ukubwa wala kwa uzuri," Musimbi akasema. "Mwaga chakula kidogo, tuone."

Mama akamwaga mahindi. Majogoo sita walirukia wakala. Yule wa kijivu, wa Mwalimu Phineas, aliokota punje, akaiweka chini, akaita kuku kwa sauti ndogo. Kuku mmoja alishuka kutoka ghalani.

"Huyo," Musimbi akasema. "Anaita kabla ya kula. Na mwiba wake ni mfupi. Pia hana undugu na kuku wenu. Mkipata vifaranga, msiache jogoo kijana ampande mama yake au dada zake. Akianza kujifunza kuwika, mtengeni. Aliwe, auzwe, au mbadilishane na jirani. Msingoje wawe saba tena."

Jioni hiyo baba aliwafungia majogoo sita katika banda la ndama lililokuwa tupu. Kuku waliokuwa na vidonda mama aliwatenga katika chumba cha kuni, maana kuku wenzao hudonoa kila penye damu. Aliwaosha kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa, akawapaka ile dawa ya zambarau ya kidonda iliyouzwa dukani Eldoret. Waliokuwa wazima walibaki uani na jogoo mmoja.

Jumapili baada ya ibada, baba aliwaalika wote walioleta majogoo. Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza majirani kula nyumbani kwetu. Musimbi alisonga ugali. Mama alipika majogoo sita kwa sufuria mbili. Mzee Kimeli alikaa karibu na mlango na bakuli lake.

"Nimesikia watoto walinipa jina," akasema. "Tena nilikuwa nampiga Mwalimu Phineas kila asubuhi."

Sisi watoto tulitazama chini.

"Ulinipiga," Phineas akasema, "lakini leo nani yuko kwenye sufuria?"

Mzee Kimeli alitafuna, akatikisa kichwa. "Mimi ni mgumu kidogo," akasema. "Lakini nina supu nzuri."

Watu walicheka. Baba naye alicheka. Kisha alisimama akawashukuru kwa kumlilia mama yake. Musimbi alimwekea firigisi, kipande cha heshima, na baba akaila.

Migongo ya kuku haikupona kwa siku moja. Kwanza zilitoka ncha ndogo kama miiba ya mkonge, kisha zikafunguka zikawa manyoya. Waliopona mama aliwarudisha uani. Hakuna aliyekimbilia juu ya ghala tena. Mayai yakarudi, machache kwanza, baadaye ya kutosha kula na ya kutosha kulaliwa. Mama alichagua kuku mmoja mtulivu, akamwandalia kiota cha nyasi kavu, akamwekea mayai.

Mimi ndiye niliyepewa jina la nyanya. Kwa desturi yetu, baba alipaswa kuniita mama, na ndivyo alivyoniita tangu nizaliwe. Lakini tangu mazishi hakuweza. Aliniita "wewe" tu, au alimtuma mdogo wangu badala yangu.

Asubuhi moja nilikuwa nikifagia uani. Baba alikuwa amechuchumaa mlangoni mwa banda, kichwa ndani. Nilisikia sauti nyembamba za vifaranga.

Baba aligeuka. Kiganjani alikuwa na kifaranga kimoja, bado kina unyevu, rangi ya udongo mwekundu.

"Mama," akaniita, "njoo uone watoto wako."