Kiyoyozi Kilichovalishwa Kitambaa

Kila asubuhi Restuta, msichana wa kazi, alipiga deki sebule ya Bi Biubwa, mjini Biharamulo. Sakafu ilikauka ikang'aa. Ilipofika adhuhuri, chini ya kiyoyozi palikuwa pamelowa tena.

"Umemwaga maji?" Bi Biubwa aliuliza.

"Hapana, mama. Yanatoka juu."

"Mvua inanyesha ndani ya nyumba yangu? Usinidanganye."

Jirani yao Raya, aliyekuja kuazima pasi, akacheka. "Shoga, hawa wasichana wa kutoka kijijini Mbuba hata ndoo huwashinda."

 Restuta hakuwa msemaji, na shule aliishia darasa la tano. Lakini alijiuliza. Tangu lini ndoo ya deki ikarusha maji hadi karibu na dari? Rangi ya ukuta ilibabuka kuanzia juu. Mwenye macho angeona.

Siku ya tatu maji yalilowesha jora la vitenge la Habibu, mume wa Biubwa.

"Basi," Biubwa akasema. "Jumamosi unarudi kwenu."

Kwao, wadogo zake wawili walisoma kwa kazi hiyo. Restuta akaweka dekio chini.

"Mama, kwanza muite fundi. Akisema ni mimi, nitarudi Mbuba kwa miguu."

Habibu alimwita Tecla, fundi wa majokofu na viyoyozi. Tecla alizima umeme kwenye swichi kuu, akapanda ngazi. Juu ya kiyoyozi palikuwa na kitambaa cha kufuma chenye maua.

"Nani amekivisha?"

"Mimi," Biubwa akajibu. "Kisiingie vumbi. Na kinapendeza."

"Kinapendeza, lakini kiyoyozi hakipumui. Kinavuta hewa kwa juu, mama."

Akachomoa chujio. Lilikuwa jekundu kwa vumbi, kama tofali.

"Hewa ina unyevu," Tecla akaeleza. "Ikigusa mabomba ya baridi humu ndani, unyevu unakuwa maji, kama jasho la chupa ya soda. Maji huangukia kwenye sinia hili, yakatoka nje kwa mpira. Hewa ikizibwa, mabomba yanaganda barafu. Barafu ikiyeyuka, maji yanazidi sinia."

Nje, alikuta nyigu wamejenga kwa matope kwenye mdomo wa mpira. Akauzibua, akarudi ndani kuwaelekeza.

"Kila wiki mbili zima umeme, toa chujio, lioshe, likauke kivulini, ulirudishe. Mpira uelekee chini, usipinde. Kikivuja, kizime kwanza, maji na umeme ni hatari. Ukikisafisha na bado kinaganda, ita fundi. Huenda gesi imepungua."

Biubwa akacheka kidogo. "Kumbe ni mimi. Haya, Restuta, usiende. Yameisha."

"Hayajaisha, mama." Restuta hakuinamisha kichwa. "Mbele ya Bi Raya uliniambia ninadanganya. Naomba unisafishe mbele yake."

Biubwa alimtazama mumewe.

"Ni haki yake," Habibu akasema.

Biubwa na Restuta wakaenda kwa Raya. Raya alikuwa mlangoni akichambua mchele.

"Raya, msichana wangu hakumwaga maji," Biubwa akasema. "Mimi ndiye niliyeziba kiyoyozi, kisha nikamsingizia."

Raya akatazama ungo wake. "Basi nami nilikosea kucheka."

Tangu hapo sakafu ni kavu, na ukuta umepakwa rangi mpya. Kila wiki mbili chujio huoshwa. Anayepanda kulitoa ni Bi Biubwa mwenyewe. Restuta humshikia ngazi.