Mnara wa Ng'ambo

"Kwani mtandao siku hizi unapanda miti?" aliuliza Bi Claris, mikono kiunoni, upande wake wa ua. "Eulyn, mstafeli wangu umekukosea nini?"

"Umenikosea kurefuka," alijibu Bibi Eulyn kutoka upande wa pili, mwiko mkononi. "Mwaka juzi nilikuwa napika huku namwona mwanangu aliye Trinidad kwenye simu. Tangu huo mti wako uote pembe, nikipiga naambiwa nisubiri. Nimesubiri mpaka sufuria ikaungua."

"Pengine ni mwanao anayekukata."

"Mwanangu hanikati. Wewe tafuta panga."

Tressa alikuwa ameketi mlangoni mwa jiko akikuna nazi, kama kila Jumamosi, na alijitahidi asicheke. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na tangu azaliwe hakuwahi kuona juma likipita bibi yake na Bi Claris wasigombane. Juma lililopita walipigania kuku aliyetaga upande usio wake. Kijiji kizima cha Windward kilijua kwamba siku wanawake hao wakinyamaza, mmoja wao yumo kitandani na homa.

Ndipo mama mmoja mwenye kofia pana akatoka nyumbani kwa Bi Claris, simu kaiinua juu ya kichwa kama mtu anayekinga mvua.

"Samahani, hapa intaneti inapatikana wapi?"

Ugomvi ulikatika palepale. Wale wawili waligeuka kwa pamoja, wakamtazama toka kofia hadi viatu, wakasema kwa sauti moja, "Habari za asubuhi."

Mgeni akashusha simu haraka. "Jamani, nisameheni. Habari za asubuhi. Mama yangu angesikia nimeanza na swali kabla ya salamu, angenivuta sikio."

"Angekuvuta yote mawili," alisema Bi Claris. "Eulyn, huyu ndiye Marva, binti wa shangazi yangu Ismay. Katoka Uingereza, kashuka kwenye feri jana."

Bibi Eulyn aliuweka mwiko chini. Hakuna aliyekuwa hajui kwa nini Bi Marva amekuja. Siku hiyo ndiyo ingekuwa siku ya kusimamisha jiwe kwenye kaburi la Mama Delphine, mama yake Bibi Ismay. Mama Delphine alikuwa amezikwa zamani sana, lakini katika kisiwa chao cha Carriacou, huko Karibea, jiwe la kaburi haliharakishwi. Linangoja mpaka ukoo uwe tayari kulisha kila atakayekuja, na siku hiyo ndipo marehemu anapopumzika kweli. Jiwe lenyewe lilikuwa limelala kitandani nyumbani kwa Bi Claris, limefunikwa shuka jeupe, na tangu alfajiri nyama ya mbuzi ilikuwa ikichemka.

"Mama ndiye mtoto pekee aliyebaki," alieleza Bi Marva. "Moyo wake hauwezi tena ndege. Kaniomba jambo moja tu: aone kwa macho yake jiwe likisimama, na amwite mama yake kwa jina, yeye mwenyewe, kama ilivyo desturi. Nimemwahidi ataona kwenye simu. Sasa tangu jana simu yangu ya Uingereza haishiki kitu."

Tressa alikuwa ameshasimama, chembe za nazi zikimdondoka mikononi. "Mimi naweza," alisema. "Tutanunua laini ya hapa na bando. Simu zote za mtaa huu natengeneza mimi."

"Hilo ni kweli," alisema Bibi Eulyn kwa fahari. "Huyu ndiye fundi wetu."

Njiani kwenda dukani walipita ufukweni, penye mashua mpya iliyokuwa imesimama kwenye magogo, mbavu zake bado wazi. Bi Marva aliuliza haya na yale, na Tressa alijibu yote, aliyoyajua na mengine aliyoyabuni, kwa sababu hakuna mtu mzima aliyewahi kumsikiliza namna ile.

Bi Nerissa mwenye duka aliitia simu ya Bi Marva laini mpya, akaiwekea bando kubwa, kisha akaegemea meza. "Tressa, mchagulie mtandao wa kwetu kwa mkono. Usiiache simu ijichagulie. Mnara wetu wa mlimani haujapata nguvu tangu kimbunga, na huku Windward simu hukimbilia mnara wa Union, ng'ambo. Ile ni nchi nyingine, na bando la hapa linaliwa huko kama biskuti."

"Najua, Bi Nerissa, najua," alisema Tressa, mguu tayari uko nje.

Kumbe hakujua. Simu ya bibi yake ilichaguliwa mtandao na binamu yake mmoja zamani, naye Tressa hakuwahi kuona ilifanywaje. Alijua kufuta picha, kuongeza sauti na kutafuta namba zilizopotea. Lakini mbele ya Bi Marva aliona aibu kurudi dukani kuuliza.

Walikaa kwenye ukuta wa bahari. Tressa aliwasha simu, na vijiti vya mtandao vikapanda kimoja baada ya kingine mpaka vikajaa.

"Mungu wangu," alinong'ona Bi Marva. "Hata nyumbani kwangu havijai hivi."

Alimtumia mama yake picha za mashua, za mawimbi, na video ndefu ya mwewe wa baharini akichota samaki. Kisha akampa Tressa simu ashike wakati yeye anavua viatu ili akanyage maji. Simu ikalia. Ujumbe ulisema: karibu katika nchi yetu, hapa unatumia mtandao wa kigeni.

Tressa alitazama ng'ambo. Kisiwa cha Union kilikuwa pale pale, karibu kiasi cha kuhesabu nyumba zake. Vijiti vyote vile vilikuwa vya kule. Kabla hajapata la kufanya, ujumbe wa pili ukaingia: bando lako limekwisha.

Alisikia joto likipanda kutoka shingoni hadi masikioni. Kidole chake kikafuta ujumbe wa kwanza, kikafuta na wa pili.

"Iko salama?" aliuliza Bi Marva akirudi, sketi imelowa.

"Iko salama," alisema Tressa.

Alijiambia kwamba makaburi yako juu, mbali na ufukwe, na pengine huko simu itarudi yenyewe kwenye mnara wa kwao, bando nalo lirudi. Alilirudia jambo hilo njia nzima, na kila aliporudia lilipungua nguvu.

Mchana watu walikuwa wamejaa hadi barabarani. Fidla ililia, ngoma zikajibu, na wanawake walikuwa wakifinyanga madonge ya sima ya mahindi kwenye mabakuli. Bibi Eulyn naye alikuwepo, anakoroga sufuria kubwa kuliko zote.

"Si ulisema hukanyagi kwangu?" Bi Claris alimtania.

"Nimemjia Delphine. Wewe nitakuona Jumatatu."

Kisha wanaume wakaingia chumbani, wakalitoa jiwe na shuka lake, na umati ukalifuata kupanda mlima mdogo wa makaburi. Mwashi alikuwa ameshachanganya saruji. Alikuwa mtu wa maneno machache. "Ikishaanza kukaza," alisema, "haimngoji mtu."

"Marva, mpigie Ismay," aliagiza Bi Claris. "Jiwe haliinuki mpaka aone."

Bi Marva alipiga. Simu haikwenda. Alipiga tena akiwa amesimama juu ya jiwe la jirani, akaomba radhi kwa aliyelala chini yake, akapiga tena. Uso wake ulianza kubadilika.

"Simu hii ni mbovu," alisema. "Nilijua ni ya zamani. Nilipaswa kununua nyingine kabla ya kuja. Mama amekaa dirishani tangu mchana na kofia yake ya kanisani, na simu yake nimeipanga ipokee ya kwangu tu. Mimi na ubahili wangu."

"Tukimbie mjini Hillsborough tutafute fundi," alisema mmoja. "Mpaka mrudi saruji imekuwa mwamba," alisema mwingine. Mwashi alichoma mchanganyiko kwa mwiko wake, akatikisa kichwa. "Claris, tulisimamishe. Ataona picha."

Bi Claris alitazama jiwe, akatazama watu. Alikuwa akielekea kukubali.

Tressa alikuwa nyuma ya bibi yake. Alimwona Bi Marva akiisugua simu kwa ncha ya nguo, kana kwamba imechafuka tu, huku midomo yake ikisema maneno ya kumwomba mama yake msamaha. Kile ndicho kilichomshinda. Angeweza kuvumilia kugombezwa, lakini si kumtazama mtu akijilaumu kwa kosa lisilo lake.

"Si simu mbovu," alisema. Sauti ilitoka ndogo, basi akaisema tena. "Simu ni nzima. Ni mimi."

Watu waligeuka.

"Ilinasa mnara wa Union. Ujumbe ulikuja nikaufuta. Ukaja mwingine kwamba bando limekwisha, nao nikaufuta. Bi Nerissa alinionya. Sijui kuchagua mtandao kwa mkono. Nilijifanya najua."

Bi Claris alivuta pumzi, na Tressa akakunja mabega kusubiri. Lakini bibi yake alitangulia.

"Nerissa," aliita Bibi Eulyn bila kumwondolea mjukuu wake macho, "umesikia ugonjwa. Dawa unayo?"

Bi Nerissa alikuwa ameshapita katikati ya watu. "Ndani ya aproni," alisema. Aliongeza bando jipya kutoka kwenye simu yake, kisha akamrudishia Tressa simu ya Bi Marva. "Shika wewe. Mimi sikufanyii. Fungua mipangilio. Shuka chini. Hapo penye mitandao, zima hilo la kujichagulia. Sasa ngoja itafute."

Majina mawili yalitokea. Tressa alibonyeza la kwao. Vijiti vilivyojaa vikaanguka vyote, kukabaki kimoja chembamba.

"Kimoja tu?" aliuliza Bi Marva.

"Kimoja, lakini cha kwetu," alisema Bi Nerissa. "Piga."

Simu iliita. Iliita tena. Kisha kofia ya zambarau ikajaza kioo, ikasogea nyuma, na chini yake kukawa na uso mdogo wa bibi kizee, wenye macho makali.

"Habari za mchana, watu wa Windward," alisema Bibi Ismay.

Mlima mzima uliitikia. Hata mwashi alivua kofia.

"Nani ameshika simu? Naona anga tu."

"Mimi, Bibi. Tressa, mjukuu wa Eulyn." Alishusha kamera ielekee jiwe. "Mimi ndiye niliyekuchelewesha. Nilisema uongo."

"Picha inayumba, mwanangu. Nishike kwa mikono miwili."

Tressa akashika kwa mikono miwili. Wanaume waliinama, shuka likaondolewa, na jiwe likainuka taratibu mpaka likasimama wima ndani ya saruji, jina la Delphine likitazama bahari. Bi Claris akamimina maji upande mmoja wa jiwe, ramu upande mwingine, sadaka kwa waliotangulia.

Ndipo Bibi Ismay akaita. Hakupaza sauti. Alimwita mama yake kwa jina, akamwita mama wa mama yake, akaendelea kurudi nyuma, jina juu ya jina, majina ambayo Tressa hakuwahi kuyasikia yakitamkwa na mtu hai, mpaka akafika mwisho wa majina na kulitaja taifa lao, Temne, lililovushwa bahari kutoka Afrika na halikusahauliwa. Picha ikasimama. Kile kijiti kimoja kikapotea. Watu wote pale juu walizuia pumzi pamoja. Kijiti kikarudi, na sauti ikarudi nacho katikati ya jina.

Nyuma ya kofia ya zambarau palikuwa na dirisha, na nje yake, huko Uingereza ambako saa zimetangulia, kulikuwa kumeshaingia giza na mvua ikipiga kioo. Bibi Ismay alichukua bilauri ya maji. Hakuwa na ardhi ya Windward karibu, basi akayamimina polepole kwenye mmea wa chungu uliokuwa dirishani. Katika saa ile ile, mbele ya macho ya Tressa, maji ya Bi Claris yalikuwa bado hayajakauka kando ya jiwe. Maji huku, maji kule, na bahari yote ile katikati.

Tressa alikuwa amezishika simu za watu maisha yake yote. Hakuwahi kufikiri kwamba sauti ya mtu inaweza kuvuka mbali namna ile ikatokea kwenye viganja vyake, ikiwa na mikwaruzo yake na pumzi yake. Nywele za mikono zilimsimama.

"Sasa amelala," alisema Bibi Ismay mwishoni. "Na nyie nendeni mkale, nasikia fidla ina njaa."

Wakati wa kushuka, Bibi Eulyn alimshika Tressa mkono.

"Asubuhi ungesema hujui, ungechekwa kidogo. Kicheko kinaisha kabla chai haijapoa. Lakini ulificha, na kilichofichwa kikazidi kukua, nusura kimnyime mwanamke mzima siku yake ya pekee. Hakuna aibu katika kuuliza, Tressa. Aibu ni kumwacha mwenzio ajilaumu kwa kosa lako." Walienda hatua chache. "Na kule juu, mbele ya watu wote wale, ulisema ukweli ulipokuwa mgumu kusemwa. Hilo pia nimeliona, usidhani sikuliona."

Nyumbani kwa Bi Claris sahani ya chakula ya wazee waliotangulia kaburini iliandaliwa kwanza, ikawekwa chumbani juu ya kitambaa cheupe, mlango ukarudishwa. Baada ya hapo watu wakamiminika mezani. Tressa alibaki nje, ameketi kwenye ngazi, akisikiliza vijiko.

Bi Claris alitokeza kichwa mlangoni, bakuli mkononi.

"Nani kakwambia ukae huko kama mgeni asiyejua kupiga hodi?"

"Niliharibu, Bi Claris."

"Uliharibu, kisha ukasema, kisha ukashika simu mpaka mwisho. Kama mbuzi wa leo ni wa wasiokosea, ataoza sufuriani." Alisogea pembeni, akaacha nafasi ya mtu kupita. "Ingia ule, binti, Marva kakuwekea kiti kando yake."