Koki ya Upande wa Kushoto

Ukumbi wa kusajili wageni ulikuwa umejaa pomoni. Watu wameshika vikaratasi vya namba, watoto wanalia, na kipaza sauti kinaita kama mtu aliyeamka vibaya. Mtafiti alikuwa na namba mia mbili na kumi na nne. Alikuwa na siku tatu tu tangu aingie nchi ile, gauni la bluu lililonyooshwa kwa pasi, viatu vinavyobana, na bahasha yenye kila karatasi aliyoambiwa alete. Kila kitu, isipokuwa picha mbili ndogo.

"Jamani, nimekufa mie," alijisemea kwa Kiswahili.

"Usifie kwenye foleni, dada," sauti ikajibu nyuma yake, kwa Kiswahili vilevile. "Hapa ukifa wanaruka namba yako."

Aligeuka. Alimwona mwanamume mrefu wa miaka arobaini hivi, ovaroli ya kijivu iliyopauka kwa kufuliwa, viganja vipana, macho ya mtu asiye na haraka.

"Na wewe umetokea wapi?"

"Kulekule ulikotokea wewe. Huu mwaka wa kumi na moja. Mashine ya picha iko chini, karibu na ngazi. Nenda, namba yako nitailinda. Wakiita nitasema mke wangu yuko msalani."

"We! Mkeo tangu lini?"

"Tangu namba mia mbili na kumi na nne."

Alicheka mpaka akasahau viatu. Aliporudi na picha, namba yake ilikuwa haijaitwa na yule bwana alikuwa bado amesimama palepale, ameweka begi la vyombo vya kazi kwenye nafasi yake kama mtu anayelinda kiwanja.

Alikuwa fundi bomba. Kampuni iliyomwajiri ilitunza majengo mengi ya mji ule, likiwemo la taasisi ambako mtafiti alialikwa kwa miezi sita, kuchunguza mbegu za mtama zinazovumilia ukame. Mbegu alikuja nazo kutoka kwao, kwenye pakiti ndogo ndogo zilizopigwa mihuri, na alizishika safari nzima kama mtu aliyebeba mayai.

Mgeni kipofu, hata awe na shahada tatu. Chumba chake kilikuwa ghorofa ya nne, chenye jiko la vitufe asivyovielewa na dirisha lililofunguka kwa kuinua, si kwa kusukuma. Wiki ya kwanza alilala na koti. Lakini hakuachwa. Jirani alimfundisha jiko. Profesa mwenyeji wake alimpa meza yenye mwanga. Mama wa usafi pale taasisi, mtu mzima mwenye magoti mabovu, alimwona anatetemeka akamvua mwanawe sweta, kesho yake akamletea. Mtafiti alikuwa akisema asante mpaka ulimi unachoka.

Na kila jioni simu ya fundi iliita.

"Daktari wa Majani, umekula?"

"Nimekula mkate."

"Mkate na nini?"

"Mkate na mkate."

"Mungu wangu. Kesho mchana nakuja na wali. Usiponifungulia nakata maji jengo zima."

"Utakuwa umejifukuzisha kazi kwa ajili ya mwanamke."

"Kuna watu wamefukuzwa kwa mambo ya kijinga zaidi, mpenzi."

Neno hilo la mwisho lilimponyoka. Kisha mtafiti akasema taratibu, "Wali uwe wa kutosha watu wawili," na mambo yakawa yameanza.

Sasa tuseme habari ya jaribio. Ndani ya banda la vioo, nyuma ya taasisi, mtafiti alikuwa na vyungu tisini na sita vya mtama. Nusu, upande wa kulia, vilipata maji kwa vimipira vya matone. Nusu, upande wa kushoto, vilinyimwa kabisa mara miche ilipokua. Koki ya upande huo aliifunga mwenyewe. Kazi ilikuwa kuona mbegu ipi itasimama siku nyingi bila tone. Kila alfajiri alipima kila chungu kwenye mizani akaandika. Hakubandika tangazo lolote. Watu wa banda lile wote walijua kazi zake, na hakuna anayebandika kwenye jiko lake karatasi ya kusema hili ni jiko.

Wiki ya saba ya jaribio alisafiri siku tatu kwenda mkutanoni mji mwingine. Jumamosi asubuhi sinki la bandani likavuja. Fundi akaitwa.

Jumatatu mtafiti aliingia bandani, akasimama kama aliyemwagiwa maji ya barafu. Mtama wote umenawiri. Kushoto sawa na kulia. Udongo umelowa.

Mtu wa kwanza aliyemwona alikuwa mama wa usafi na ndoo yake.

"Wewe ndiye una ufunguo wa wikendi! Umegusa nini? Wiki saba! Unajua wiki saba ni nini?"

"Mwanangu, mimi nafagia tu..."

"Unafagia! Umeniua!"

Profesa alitoka ofisini. Wanafunzi wakasogea. Mama wa usafi akawa anaangalia ndoo. Hapo hapo mlango ukafunguka, fundi akaingia anapiga mluzi, uso umejaa furaha ya mtu aliyekuja kuchukua shukrani zake. Mluzi ukakatika. Akatazama vyungu, akamtazama mama wa usafi. Angeweza kugeuka akatoka, hakuna aliyejua.

"Mwacheni mama," alisema. "Koki nimefungua mimi."

"Wewe?" Mtafiti hakuamini. "Nani alikutuma?"

"Nimekuta mimea upande mmoja inakufa, na koki ya upande huohuo imefungwa. Fundi gani anaona hivyo akapita?"

"Niliifunga mimi!"

"Sikujua."

"Kwa nini hukunipigia?"

"Nilitaka urudi ukute imepona. Ufurahi."

"Basi nimefurahi," alisema, na machozi yakamtoka. "Chukua begi lako. Usinipigie tena."

Zilibaki wiki kumi na mbili za kukaa kwake. Jaribio lilitaka wiki kumi. Lakini udongo peke yake, kuukausha, kuuchekecha na kuujaza, ni kazi ya wiki tatu kwa mtu mmoja. Hesabu ilikataa. Alijifungia chumbani akaanza kuandika barua ya kuwaambia waliomtuma kwamba anarudi mikono mitupu. Aliandika, akafuta, akaandika. Simu ya fundi iliita siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Hakupokea. Siku ya nne haikuita, na hilo nalo likamuuma.

Siku ya tisa aliyepiga ni shangazi yake, aliyemlea tangu mdogo.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Sauti hiyo ya mafua au ya mwanamume?"

Akamweleza yote. Shangazi akasikiliza bila kuguna.

"Walimkamata, au alijitaja?"

"Alijitaja."

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya profesa."

"Na wewe umenuna! Mwanangu, wanaume wanaojitaja ni wachache. Wengi wanatajwa. Na huyo mama wa ndoo, umeshamwomba radhi?"

Mtafiti akalitazama sweta lililotundikwa mlangoni.

"Aha. Unaulilia mtama, na mtu mzima umemtukana yuko hapo. Anza na huyo. Mengine utayaona njiani."

Alikwenda mchana uleule, sweta la yule mama mwilini. Alimkuta stoo akikamua vitambaa, akapiga magoti kwenye sakafu ya saruji.

"Nisamehe, mama. Nilikukosea mbele za watu. Nipeleke mbele yao nirudie."

"Inuka, utachafua gauni," mama wa usafi alisema. Akamshika mkono akamwinua, kisha hakuuachia. "Iliniuma, sitakudanganya. Lakini imepita. Sasa kaangalie nyuma ya banda. Yule bwana wako siku ya tisa hii akitoka kazini anakesha huko, hata chakula cha mchana hali."

Nyuma ya banda kulikuwa na turubai refu, na juu yake udongo mkavu uliochekechwa, laini kama unga. Kando, vyungu vimejazwa, vimepangwa mistari. Profesa ndiye aliyetoa ruhusa na vipimo. Fundi alikuwa ameinama na chekeche, kope nyeupe kwa vumbi, ovaroli haina rangi tena.

"Vingapi?" mtafiti aliuliza.

Alishtuka. "Themanini na tisa. Vimebaki saba. Uzito ni uleule, profesa amevipima kimoja kimoja." Akaweka chekeche chini. "Sikuja kukubembeleza. Nilikuharibia, ndiyo narudisha. Ukitaka niondoke nikimaliza, nitaondoka."

"Na mbona uliacha kupiga simu?"

"Ulinikataza."

"Ulipiga siku tatu baada ya kukatazwa!"

"Mimi mzito kuelewa."

Alicheka na kulia kwa pamoja, akamfuta vumbi usoni kwa mkono wa lile sweta.

"Nisamehe, mpenzi," alisema. "Ungenyamaza tu, kazi ya yule mama ingepotea, na mimi ndiye ningeipoteza. Umeniokoa na dhambi, nikakufukuza."

"Na mimi nimeongeza ujuzi. Siku hizi nikikuta koki imefungwa, nauliza kwanza imenuna na nani."

"Lete chekeche, we mwanaume."

Vile saba walivimaliza pamoja. Mbegu zikaingia udongoni kesho yake, na wiki kumi zikatosha, zikabaki siku nne. Aina mbili za mbegu zilisimama siku thelathini na moja bila tone la maji. Profesa alimpa mkono mara mbili. Siku ya kutoa taarifa, kabla ya kusema neno lolote la mtama, mtafiti alimsimamisha mama wa usafi mbele ya watu walewale, akamwomba radhi na kumshukuru kwa kazi yake na kwa wema wake, na yule mama akajifunika uso kwa aproni.

Baada ya hapo walikaa wawili kwenye benchi nje, jua la mchana limewaka. Tiketi ya kurudi ilikuwa ya Ijumaa.

"Miaka kumi na moja sijarudi," fundi alisema, anaangalia viganja vyake. "Niliogopa kuulizwa nimeleta nini."

"Na sasa?"

"Sasa naogopa zaidi kubaki. Hapa kazi nimeipenda, watu wamenipokea, sina lawama. Lakini mabomba yanavuja kila nchi, na wewe uko nchi moja tu. Nipe miezi miwili nifunge mambo yangu, nije nyumbani kwenu kwa mlango wa mbele. Unioe... nikuoe... vyovyote itakavyokaa."

Mtafiti alitoa simu, akabonyeza, akangoja iite.

"Shangazi, shikamoo. Kuna mtu hapa ana neno."

Fundi akasimama wima. Akapangusa viganja kwenye ovaroli, akaipokea simu kwa mikono miwili.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba," sauti ya mbali ikasema, kubwa, mpaka mtafiti akaisikia pale alipo. "Umesimama?"

"Ndiyo, Shangazi."

"Kaa chini, baba. Haya mambo hayazungumzwi wima."

Fundi akakaa.