Wanafunzi wa Kuazima

Kila asubuhi Kidagaa alimpitia jirani na mwanafunzi mwenzake, aliyepachikwa jina la Profesa, wakaenda shule pamoja. Kidagaa alisukuma kiti cha magurudumu, Profesa akapakata mikoba yote miwili na kutoa amri.

"Kulia, dereva! Shimo hilo!"

"Kimya! Mzigo hausemi."

Shule yao ya sekondari ilikuwa katikati ya mji. Nyumba za jirani zilikuwa zimevunjwa ili zijengwe ofisi, familia zikahamia pembezoni, na madarasa yakabaki matupu. Sasa ofisa elimu alikuwa anakuja kuhesabu wanafunzi. Wakiwa wachache mno, shule ingefungwa na wao wangetawanywa katika shule mbalimbali.

"Huko nitasukumwa na nani?" Profesa aliuliza, safari hii bila mzaha.

Kidagaa akapanga njama na wenzake: kila mmoja alete mdogo wake, avishwe sare. Yeye alimleta wa kwao, shati la Profesa likimfika magotini.

Ofisa, mama wa makamo, alipoingia, madawati yalikuwa yamejaa. Macho yake yakatua kwenye miguu iliyoning'inia bila kugusa sakafu.

"Mwanangu, uko kidato cha ngapi?"

"Shikamoo. Niko darasa la pili. Leo nimeazimwa."

Darasa zima liliangua kicheko, isipokuwa Kidagaa. Alimtazama Profesa, kisha akasimama.

"Samahani, mama. Wazo lilikuwa langu. Tuliobaki ni watoto wa walinzi na wafagiaji wa ofisi hizi. Wazazi wetu hawawezi kuhamia mbali na kazi. Na huyu mwenzetu hawezi kupanda ngazi."

Ofisa alivuta kiti, akakaa. "Haya, niambie habari zenu. Mmoja mmoja."

Shule ilifungwa mwisho wa muhula. Lakini wote walihamishiwa shule moja, barabara ya pili tu, yenye madarasa yasiyo na ngazi.

Jioni ya siku ile ofisa alipokuja, Kidagaa alimsimulia mama yake, akitabasamu. Mama hakutabasamu.

"Njia ya mwongo ni fupi. Hata kama leo mngefaulu, wangewagundua kesho yake tu, wakawatawanya bila kuuliza nani hawezi ngazi. Anayetaka msaada aseme hali yake ilivyo. Umenielewa?"

"Ndiyo, mama."

"Vizuri. Uliposimama ulifanya jambo la maana." Akamshika shavu, kisha akamtupia sabuni. "Sasa shati la watu lifuliwe, lirudi kwa mwenyewe. Kesho dereva ana safari."