Magauni Manne Siku ya Sabato

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Gesare alifagia baraza la duka la kona pale Isebania, mpakani upande wa Kenya, akaokota vipande vya nyuzi vilivyojificha chini ya cherehani ya mama yake, kisha akatia tone la mafuta kwenye mashine. Kazi hiyo aliipenda kwa sababu ilikuwa rahisi na ilisifiwa. Siku moja mama yake alimwambia mteja kwamba binti huyu ana mkono safi, na Gesare alitembea na sifa hiyo mwezi mzima.

Familia yao ilitoka Kisii. Baba yake, Makori, alichimba dhahabu huko Masara, na alipokuja nyumbani alileta vumbi zaidi ya dhahabu. Kwa hiyo aliyeilisha nyumba ni mama yake, Bathsheba, fundi wa magauni ya watoto yenye kola nyeupe. Mnunuzi wake mkubwa alikuwa Jerusha, mwanamke Mkuria kutoka Sirari, upande wa Tanzania. Sirari haikuwa mbali. Ungeweza kuepua uji Isebania, uvuke mpaka, usalimie watu, na urudi uukute bado una moto. Kila siku ya soko Jerusha alikuja mikono mitupu na kuondoka na furushi kichwani, akaenda kuyauza magauni Sirari na Tarime.

Siku moja ya mwaka 1966, Jerusha aliondoka na furushi lake kama kawaida. Muda si muda alirudi, furushi likiwa bado kichwani. Alilitua barazani na kukaa juu ya benchi.

"Dada, wamezuia nguo," alisema.

"Nani amezuia?"

"Serikali yetu. Wanasema nguo za kutoka Kenya zimejaa sokoni, mafundi wetu wanakosa kazi. Sasa zinaingia kidogo tu, tena kwa kibali, na kibali ni cha wafanyabiashara wakubwa. Mimi nani atanipa? Bwana Mirumbe amenirudisha pale kwenye mti."

Mti huo ulikuwa gogo jembamba lililowekwa kukata barabara, na Bwana Mirumbe alikuwa afisa wa forodha aliyeliinua na kulishusha.

"Sawa," mama alisema. Akamalizia kola aliyokuwa akiishona, akakata uzi, akaweka mkasi chini. Hakuushika tena siku hiyo.

Wiki zilizofuata nyumba ilikuwa kimya. Hakuna aliyelia wala kugombana. Walikula ugali na mboga, wakaosha sahani, wakalala. Magauni yalirundikwa kitandani kwa Gesare, naye akawa analala mkekani. Jioni moja mama alisema, bila kuinua macho, "Tusipoyauza haya kabla ya shule kufungwa, tunarudi Kisii kwa nyanya yako. Huko kuna shamba. Mambo ya shule tutaona."

Gesare alikuwa darasa la sita. Alijua kwamba "tutaona" ya mama yake maana yake ni hapana. Alingoja machozi yaje, hayakuja. Moyo wake ulikuwa kama mguu uliokaliwa vibaya hadi ukafa ganzi: upo, lakini ukiugusa hausikii.

Hata hivyo kichwa chake kilikuwa kizima, na hapo ndipo matata yalipoanzia. Wao walikuwa Waadventista, na kanisa lao lilikuwa upande wa Sirari. Kila Jumamosi, siku ya Sabato, waumini walivuka mpaka wakiwa na vitabu vya nyimbo mikononi. Bwana Mirumbe, ambaye alikuwa Mkatoliki, aliwainulia mti na kuvua kofia. Hakuwapekua hata siku moja. Gesare aliliwaza jambo hilo usiku na mchana, akaona kwamba forodha hufungua mafurushi, haifungui watu.

Sabato iliyofuata mama yake alitangulia kwenda kanisani, kwa kuwa alikuwa mwalimu wa watoto wadogo. Gesare akamwita Rispa, mwanafunzi mwenzake. Alivaa gauni moja, akavaa la pili juu yake, la tatu, la nne, kisha gauni lake mwenyewe la Sabato. Rispa alimfunga vifungo mgongoni huku akimsukuma kwa goti.

"Utaweza kukaa?" Rispa aliuliza.

"Kanisani watu husimama sana."

"Na hii si dhambi?"

"Nguo kuvaliwa ni dhambi tangu lini? Nikitoka kanisani nitampelekea Mama Jerusha auze. Kila Sabato manne, mpaka yaishe."

Rispa alimfunga kifungo cha mwisho, akasema yeye atapita peke yake.

Kwenye mti, Bwana Mirumbe alimtazama Gesare akija taratibu kama bata, kitabu cha nyimbo mkononi. "Bwakire, binti wa fundi," alimsalimu kwa Kigusii, lugha ya akina Gesare, aliyojifunza pale pale barabarani. "Naona ugali wa mama umekukubali." Akacheka, akavua kofia, akauinua mti. Gesare alipita. Alidhani angeona furaha au hofu, lakini hakuona chochote.

Siku hiyo jua lilikuwa kali, na kanisa lilikuwa la mabati. Nyimbo zilikwenda vizuri. Kisha Mzee Ongeri akaanza kuomba, na Mzee Ongeri akianza kuomba hamsahau mtu: wagonjwa, wajane, wasafiri, ng'ombe. Jasho lilimtiririka Gesare tangu shingoni hadi magotini. Mzee alipofika kwenye ng'ombe, mabati yakaanza kuzunguka, na Gesare akaanguka kati ya viti.

Wanawake walimbeba hadi nje, kivulini. "Mlegezeni apate hewa," alisema Orpah, shemasi, akamfungua vifungo. Chini ya gauni likatokea gauni. Orpah akalifungua nalo, likatokea jingine.

"Jamani," Orpah alisema, "mtoto huyu amevaa duka."

Baadhi ya watu walicheka. Mama yake hakucheka. Alizitambua kola zake moja baada ya nyingine. Alimpa binti yake maji, akamfuta uso, akamvua magauni manne ya ndani na kuyakunja mkononi kama mtu anayeanua nguo kambani. Gesare alipoweza kusimama, mama akamshika mkono.

"Twende kwa Bwana Mirumbe."

"Mama, ngoja basi hadi kesho. Leo ni Sabato."

"Ulipovuka ilikuwa siku gani?"

Walitembea hadi mpakani. Mama aliyaweka magauni juu ya meza ya afisa. "Haya yamepita mbele yako asubuhi," alisema. "Aliyeyavusha ni huyu, na aliyeyashona ni mimi. Gesare, sema."

Gesare alisema yote. Alisema kuhusu furushi la Jerusha, na Kisii, na shule. Sauti yake ilikuwa kavu, kama mtu anayesoma ubaoni. Bwana Mirumbe alisikiliza hadi mwisho.

"Haya manne yatabaki hapa," alisema. "Sheria ni sheria. Lakini nguo hazijaniuma, binti. Asubuhi nilikuinulia mti kwa sababu ya kitabu cha nyimbo mkononi mwako. Sabato ijayo nifanyeje? Niwapekue mama zako wote? Nimvue Mzee Ongeri koti?"

Hapo ganzi ikamtoka Gesare, na kama mguu unavyouma damu ikirudi, ndivyo moyo ulivyomuuma. Alilia hadi akashindwa kusimama. Alilia kwa ajili ya mama yake, na shule, na kofia ile iliyovuliwa kwa heshima. "Nisamehe, baba," alisema. Bwana Mirumbe alimsukumia kiti.

Mama alisubiri kilio kipungue, kisha akauliza jambo ambalo huenda alikuwa akilifikiria wiki zote zile za kimya. "Bwana Mirumbe, kilichozuiwa ni nguo iliyoshonwa Kenya. Je, na fundi amezuiwa? Nikinunua kitambaa kilichotoka kwenu Mwanza hapo Sirari, nikakishona hapo hapo Sirari, hiyo itakuwa nguo ya wapi?"

Bwana Mirumbe alikuna kidevu. "Sijui, Mama Gesare. Nitawauliza wakubwa wangu. Wakikataa nitakuambia, wakikubali nitakuambia."

Wakubwa walichukua muda, kama ilivyo desturi ya wakubwa. Kisha jibu likaja: fundi anaweza kuja, na cherehani yake ipite, mradi avuke nayo na kurudi nayo. Basi siku za soko Bathsheba akawa anashona kwenye baraza la Jerusha, akiwafundisha wasichana wawili wa Sirari kukata kola. Magauni ya zamani aliyapeleka Ogwedhi, huku huku Kenya, kwenye mnada wa mifugo, kwa wafugaji waliotaka kuwanunulia binti zao kitu baada ya kuuza ng'ombe. Yaliisha polepole, lakini yaliisha. Shule zilipofunguliwa, Gesare alikuwa bado Isebania.

Jioni moja, wakitia mafuta kwenye cherehani, mama alimwambia, "Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, mwanangu. Njia ikifungwa, kaa chini ufikiri, kisha uulize mchana mbele ya watu. Nawe ulifikiri, sikatai. Lakini ulichovusha siku ile si magauni manne tu. Ulichukua heshima ya kanisa zima ukaivaa juu yake, nayo haikuwa yako. Ukiichana, hakuna fundi wa kuishona kwa siku moja."

Gesare aliyajua maneno hayo kuwa kweli, kwa sababu kila siku ya soko ni yeye aliyebeba kichwa cha cherehani, bila meza yake, na kuvuka mpaka na mama yake kabla ya kukimbia shuleni. Kila mara Bwana Mirumbe aliuliza kwa sauti, watu wote wakisikia.

"Umebeba nini, binti?"

"Cherehani, baba."

"Na umevaa nini?"

"Gauni moja."

Bwana Mirumbe alimtazama kwanza, kisha akauinua mti. Ilipita miezi mingi kabla hajamvulia Gesare kofia tena.