Tuta la Upande wa Mashariki

Zama zile dola ya Rumi ilipofika ukingo wake wa kaskazini, kwenye vilima vya mvua visivyo na miti, askari wake walishika jembe kuliko upanga, ingawa wasimulizi wa vita hawapendi kulisema hilo. Kila walipotua, hata kwa siku moja, walichimba handaki pande nne, wakainua tuta la udongo, wakaacha milango minne. Wakiondoka walifukia kila kitu, adui asije akapata ngome ya bure. Tena walikuwa na sheria isiyochezewa: apandaye tuta badala ya kupita mlangoni, hufa, na amsaidiaye hufa naye.

Katika jeshi hilo walikuwamo ndugu wawili kutoka Numidia, nchi ya jua kali Afrika ya kaskazini: Masuna, na mdogo wake Idibali, mpelelezi.

Asubuhi moja ya ukungu Masuna alikuwa zamu juu ya tuta la mashariki. Akamwona Idibali akija mbio, hana ngao, wapanda farasi wa adui nyuma yake, na wengine wamekwisha kumkatia njia ya mlangoni.

"Kaka, wanakuja wote," Idibali alisema kutoka handakini, akitweta. "Waamshe watu."

Masuna hakukumbuka sheria. Alinyoosha mkono akamvuta juu. Baragumu likapigwa, jeshi likajipanga, na kufikia adhuhuri adui alikuwa amevunjika.

Alasiri Idibali alisimamishwa mbele ya jemadari, mzee wa joho jekundu aliyeonekana kuchoka kuliko majeruhi wake.

"Umetuokoa," alisema. "Lakini sheria ni msumeno. Nikikusamehe wewe, mwingine nitamwambia nini? Nani alikusaidia kupanda?"

"Hakuna, bwana. Niliparamia peke yangu."

Masuna alikuwa hatua tatu kutoka hapo. Alifungua kinywa. Idibali akamtazama, akatikisa kichwa kidogo, na Masuna akakifunga. Aliogopa kufa, basi, na aibu hiyo ilimla maisha yake yote.

Walimzika Idibali handakini, chini ya tuta lile lile alilopanda. Kesho yake, boma lilipofukiwa, Masuna alipewa upande wa mashariki. Hakuweza kuugusa udongo ule. Aliketi juu ya tuta, jembe mapajani, mpaka safu ya mwisho ikapita. Akida wake alimwona, akageuza uso.

Tuta hilo lingalipo, limeota majani, na kondoo hulala upande usio na upepo. Pande nyingine tatu hazionekani tena. Wajuzi wa mambo ya kale walikuja na kamba zao, wakapima, wakaandika kwamba huenda askari waliondoka kwa haraka.