Msigonge Mlango Pamoja

"We dada, tajiri yako yupo?"

Nilikuwa juu ya stuli, natundika mapazia ya nyumba tuliyopanga na mchumba wangu. Mlangoni alisimama mama mwenye nyumba, mwanamke wa kizungu, amekuja kuangalia bomba la jikoni.

"Tajiri gani?"

"Mke wa yule kijana. Aliniambia mkewe ni mweupe kama yeye. Ukimaliza mapazia, futa na madirisha."

Jamani! Nilishuka kwenye stuli.

"Mke mwenyewe ndiye mimi."

Akacheka, akidhani natania. Kisha akaiona pete kidoleni, kicheko kikakatika.

"Basi nitaongea na yeye," akasema, akaondoka bila hata kwaheri. Bomba lenyewe hakuligusa.

Msije mkaniambia nina hasira za karibu. Mimi na mchumba wangu tulikutana kazini. Watafiti wa uchumi walituajiri kupima ubaguzi wa rangi kwenye nyumba za kupanga. Mimi mweusi tii. Yeye ni chotara, mama yake mweusi kama mimi, lakini ukimwona utaapa ni mzungu. Tulipewa cheo kimoja cha kubuni na mshahara mmoja wa kuwatajia wenye nyumba, ili tutofautiane rangi tu. Natangulia mimi, naambiwa nyumba imeshachukuliwa. Anafuata yeye, nyumba ile ile, anatembezwa vyumba vyote. Sharti la kazi: msigonge mlango pamoja. Nikirudi nalia, yeye ndiye anayenifuta machozi. Ndivyo tulivyopendana.

Nikampigia.

"Ulimwambia mwenye nyumba mkeo ni mweupe?"

"Nani amekwambia?"

"Si nakuuliza wewe!"

"Mpenzi, matokeo unayajua. Angekukataa. Nilitaka tu upate pa kuishi pazuri."

"Kwa hiyo ule mchezo wa kazini ukauleta kwenye ndoa yetu?"

"Nilijua akikuzoea…"

"Anizoee kama nani? Ameniagiza nifute madirisha!"

"Pole, mpenzi. Vumilia kidogo."

Nivumilie! Nilikata simu, nikavua pete nikaitia mfukoni, nikamtumia ujumbe:

"Mtafute huyo mke mweupe. Ndoa hakuna."

Kisha nikampigia mama yake, maana yeye hakunikosea kitu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona sauti imekauka?"

Nikamweleza yote. Akavuta pumzi.

"Muunganishe na yeye kwenye simu. Sasa hivi."

Nikamuunganisha.

"Mwanangu," mama akamwambia, "na mimi nikija kuwatembelea, nitaingia humo kama nani?"

"Mama, si hivyo…"

"Ulipokuwa shule uliniomba nikusubiri mbali na geti, wenzako wasinione. Nilinyamaza. Nilisema mtoto huyu, atakua. Umekua, sasa unataka na mkeo akae mbali na geti?"

Nilisikia mwanaume mzima analia. Sikumwonea huruma hata chembe. Nikapanda stuli kuyashusha mapazia.

Mchumba wangu alifika nikikunja pazia la mwisho, macho yake mekundu.

"Nimepitia kwa mwenye nyumba. Nimemwambia mke wangu ni mweusi, mama yangu ni mweusi, na mimi ni wa kwao."

"Akasemaje?"

"Amesema nimemdanganya, tuhame. Alivyoniangalia… sijawahi kuangaliwa vile."

"Mimi naangaliwa hivyo kila siku. Inauma, eeh?"

"Inauma."

"Na bado sijakusamehe."

"Najua. Kuna nyumba mtaa wa nyuma. Nimepiga simu sasa hivi, wamesema ipo wazi. Twende?"

"Nani anatangulia?"

"Hakuna wa kutangulia."

Tukaenda. Nikagonga mimi, yeye kasimama ubavuni kwangu, kanishika mkono. Mzee mmoja wa kizungu akafungua, akaniangalia mimi, akaangalia mikono yetu.

"Imeshachukuliwa."

"Imechukuliwa saa ngapi?" mchumba wangu akafoka. "Si nimekupigia sasa hivi ukasema ipo? Mke wangu huyu hapa, mwambie yeye usoni kwa nini hapati!"

Mzee akafunga mlango kwa kishindo. Mwenzangu akabaki ameukodolea macho mlango. Miaka yote ya utafiti alikuwa akilisikia neno lile kutoka kwangu tu.

"Twende mlango unaofuata," nikamwambia.

Nikaitoa pete mfukoni, nikaivaa.